Baiskeli ya Kunirudisha Milimani

Watu wananipigia simu siku hizi kuniuliza habari za baiskeli za mazoezi, zile zinazokaa mahali pamoja ndani ya nyumba. Mmoja ana mama yake aliyepata kiharusi, mwingine ni mume wake, mwingine ni yeye mwenyewe na ananificha. Wanataka kujua waangalie nini dukani. Mimi si muuzaji wala si daktari, ni mkulima wa tangawizi, lakini jambo moja nalijua vizuri na nalisema kabla sijaulizwa la pili. Mkifika dukani, tazameni mgonjwa yuko wapi. Kama amekalia kiti cha plastiki mlangoni, ameshikilia mikoba ya wenzake, basi bado hamjaanza kuchagua.

Najua kwa sababu mwenye kushika mikoba nilikuwa mimi.

Naitwa Nakundwa, na wengi huniita Mama Tumaini. Kwetu ni juu ya Gonja, huku Upareni, wilaya ya Same. Gari linaishia kanisani, pikipiki inaishia kwenye mfereji wa maji, na kutoka hapo ni miguu yako na pumzi zako. Niliolewa huko nikiwa msichana. Njia ile nimeipanda na ndoo, na kuni, na mimba, na mizigo ya tangawizi, na sikuwahi hata kuifikiria.

Asubuhi moja ya mvua za vuli nilikuwa jikoni napakua makande. Mwiko ukaniponyoka. Nikataka kuuokota, mkono wa kushoto ukagoma. Nikamwita mama mkwe wangu, aliyekuwa anaota moto kando yangu, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mlevi. Mama mkwe ni mzee sana. Macho yake yana ukungu lakini masikio hayana, na aligeuka akaniuliza nimekunywa nini asubuhi yote hii. Nilitaka kucheka. Badala yake nikaanguka.

Walinishusha kwa machela, miti miwili na blanketi limefungwa katikati, wanaume wa kitongoji wakipokezana mabegani huku mvua ikinyesha. Nililala chali nikiitazama migomba ikipita juu yangu. Mama mkwe alitufuata mpaka kwenye mfereji. Hapo magoti yake yakakataa, akasimama, na niliposhushwa kwenye kona ya chini bado nilimwona amesimama palepale na kanga yake imelowa.

Siku za hospitali sitazieleza sana. Kilichonitokea nimeelezwa mara nyingi na sijakishika vizuri hata leo. Ninachokumbuka ni kwamba mdomo wangu ulihamia upande mmoja, na mate yakawa yanatoka bila kuniomba ruhusa. Usiku wa kwanza niliukuta mkono kitandani, nikadhani ni wa mgonjwa mwenzangu, nikaanza kuusukuma urudi kwake. Ulikuwa wangu. Mguu wa kushoto ulikuwa kama gogo ambalo mtu amelisahau kitandani. Jirani yangu wa kitanda cha pili, mama mmoja wa Kihurio, alikuwa akiniwekea uji upande wa mdomo uliokuwa unafanya kazi, na kila akimaliza alinifuta kidevu kwa upindo wa kanga yake kana kwamba tumezaliwa pamoja. Nilimlilia siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Mimi niliporuhusiwa, sikwenda nyumbani. Nilipelekwa Same mjini kwa wifi yangu Naomi, dada mkubwa wa mume wangu, anayeuza vitenge sokoni. Nyumba yake iko tambarare na ina baraza pana linalotazama milima. Mume wangu, Baba Tumaini, akawa mtu wa kupanda na kushuka. Siku kadhaa yuko juu na shamba na mama yake, siku kadhaa yuko chini na mimi. Alikonda hata suruali zikawa zinamning'inia.

Kliniki ya mazoezi ilikuwa na benchi refu la mbao, na mwenye kiharusi akikaa pale hujifunza subira hata kama hakuzaliwa nayo. Mwenzangu wa benchi alikuwa mzee mmoja wa Kimasai kutoka huko bondeni. Yeye ugonjwa ulimpiga kulia, mimi kushoto, kwa hiyo tukikaa karibu tulikuwa mtu mmoja mzima. Kila tulipokutana aliniuliza mguu wangu umeamkaje. Nilimwambia umelala. Yeye alisema wake umeamka, ila hautaki kwenda kuchunga. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia, na kicheko changu bado kilikuwa cha upande mmoja.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa binti mpole wa sauti na mkali wa kazi. Siku moja alinikalisha kwenye baiskeli yao ya mazoezi, akaufunga mguu wangu wa kushoto kwenye pedali, akaniambia nikanyage na ule mzima. Nikakanyaga. Na ule mbovu ukaenda. Haukuenda kwa nguvu zake, ulibebwa na pedali tu, lakini nilikuwa sijauona ukipiga hatua tangu siku ile ya makande. Ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na mimi machozi yananitoka pande zote mbili. Binti akaniambia kwamba kuja mara mojamoja hakutoshi, na kama familia inaweza, tutafute ya kuweka nyumbani.

Basi ikafika Krismasi. Msiponijua mimi, mnawajua Wapare: Krismasi kila mtu anapanda kwao. Mwanangu Tumaini akaja kutoka Dar es Salaam na mpango kamili mfukoni. Ameshaongea na vijana, machela ipo, nitabebwa kutoka mfereji mpaka mlangoni, tule sikukuu na Bibi.

Nikakataa. Wakadhani natania. Nikakataa tena.

Mtu asiyetoka kwetu hatanielewa upesi. Kwetu mgonjwa hushushwa kwa machela kwenda hospitali, na akipona anapanda kwa miguu yake, hata kama ni kwa kupumzika kila kona. Anayepandishwa mabegani ni yule aliyekwenda hospitali akafia huko. Tangu nikiwa mgeni wa ndoa nimesimama kando ya njia ile nikilipisha jeneza lipande, na sijaona kingine kikipandishwa hivyo.

"Mama, ni kukubeba tu," Tumaini alisema.

"Njia ile, mwanangu, anayebebwa kupanda huwa hajui kama amefika," nikamwambia. "Mimi nataka kujua."

Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Aliniuliza, na Bibi je? Ana umri gani yule? Hawezi kushuka, wewe hutaki kupandishwa. Unadhani atakungoja mpaka lini? Wifi alikwenda kuangalia chungu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa. Lile swali lilinikaa kifuani, na kusema kweli ndilo lililonisukuma miezi yote iliyofuata kuliko daktari yeyote. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kupanda tangawizi, kuzaa, na kunyamaza panapotakiwa kunyamaza. Nilitaka nimkute.

Usiku ule Baba Tumaini aliniambia kimya kimya kwamba kama nimesema nitapanda, basi tutafute hiyo baiskeli.

Jaribio la kwanza lilikuwa lake. Ana baiskeli kubwa ya mizigo, yenye stendi ya nyuma ambayo ukiisimamisha, gurudumu la nyuma linakaa hewani. Akasema, tununue nini na hii ipo? Inazunguka, haiendi popote, ndiyo hiyo hiyo. Mantiki ilikuwa safi kabisa. Akaisimamisha uani, akanipandisha, akafunga mguu wangu kwa kamba ya katani, nami nikaanza kukanyaga kwa madaha. Kilichosahaulika ni kwamba mtu wa kiharusi huelemea upande wake mbovu bila kujua. Tuliondoka wote, mimi na baiskeli na stendi yake, tukatua juu ya turubai ambalo wifi alikuwa ameanikia mpunga wake kutoka Kihurio. Mpunga uliniokoa mifupa. Wifi alikuja mbio, na neno lake la kwanza lilikuwa "mpunga wangu," la pili ndilo "wifi yangu." Hilo nitamkumbusha mpaka tuzeeke.

Ndipo tukaenda Moshi kwenye duka la vifaa vya mazoezi vya mtumba. Tulikwenda wote: Tumaini, baba yake, wifi na mimi. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa amechangia, kila mmoja alikuwa na kauli. Mimi nilikalishwa mlangoni penye upepo mzuri, nikapewa mikoba.

Kutoka pale niliiona familia yangu ikipanda baiskeli moja baada ya nyingine. Baba Tumaini alikuwa anazigonga kwa kifundo cha kidole kusikia kama chuma ni kizito. Tumaini alitafuta ile inayofanana na za Dar. Wifi, ambaye kwa miaka anasema atapunguza mwili, alipanda moja yenye kiti chembamba, akakanyaga mpaka kilemba kikamfunguka. Muuzaji akawapigia makofi. Wakakubaliana, kwa furaha kubwa, juu ya mtambo mmoja mrefu mweusi, wenye gurudumu zito mbele na kioo kinachowaka namba. Wakaja kuniuliza, unaipenda? Nikasema nzuri sana. Na kweli ilikuwa nzuri sana.

Tulipoifikisha Same ndipo tukajua kwamba ili uipande lazima uinue mguu upite juu ya chuma cha katikati. Mguu wangu ulikuwa hauinuki kupita kizingiti cha mlango. Baba Tumaini akanishika kwapani, wifi akashika mguu, jirani akaitwa kushikilia mtambo. Wakanitweka. Nilipofika juu niliona paa la jirani. Kiti kilikuwa chembamba, mgongo haukuwa na pa kuegemea, na nilikuwa naanguka taratibu kuelekea kushoto wakati wao wananishangilia. Kila asubuhi ikawa hivyo. Siku ambazo jirani hayupo, hakuna mazoezi. Halafu mazoezi yakapungua. Wifi aliitumia kidogo jioni. Baba Tumaini akawa anatundikia koti lake.

Mimi nilinyamaza kwa aibu. Watu wamejinyima, wamesafiri, wameibeba, nitasemaje haifai? Ugonjwa huu unakufanya uwe mtu wa kushukuru kila kitu hata kisichokusaidia. Lakini masika yalikuwa yanakaribia, na simu kutoka juu zilisema Bibi anakohoa. Tukiwa mezani usiku mmoja nikaweka kijiko chini.

"Ile baiskeli mmemnunulia Nakundwa wa zamani," nikawaambia. "Naye angeifurahia sana. Lakini niliyebaki ni mimi."

Wifi alianza kulia hapo hapo, na chakula mdomoni. Baba Tumaini aliinuka, akaenda kulitoa lile koti, akalikunja vizuri, akarudi kukaa. Alisema kesho tunairudisha.

Mara ya pili sikukaa mlangoni. Nilimwomba muuzaji anisogezee kiti katikati ya zile baiskeli, na mikoba nikampa Baba Tumaini. Muuzaji alikuwa muungwana, akakubali kubadilishana kwa kuwa ile ilikuwa haijachakaa. Labda hakujua ninakusudia kukaa muda gani. Sisi watu wa kwetu tukinunua hata jembe tunalihoji, sembuse hiyo. Nilizijaribu zote ambazo mwili wangu uliweza kuzifikia, na nyingi zilianguka mtihani wa kwanza, yaani niweze kukaa na kushuka mwenyewe bila kushikwa na mtu. Hapo usikubali kudanganywa na mtu anayekwambia utazoea. Baiskeli inayohitaji watu watatu ili uikalie ni baiskeli ya hao watu watatu.

Kwenye kona, nyuma ya mashine za kukimbilia, palikuwa na moja fupi, yenye kiti kipana chenye mgongo, na pedali zake ziko mbele badala ya chini. Inafanana na kiti cha kinyozi. Muuzaji akasema hiyo imekaa sana, watu hawaitaki, na kioo chake hakiwaki. Nikaisogelea na fimbo yangu, nikageuka, nikakaa kama ninavyokaa kitandani. Hakuna aliyenigusa. Nikafumba macho ili nione kama nitaelemea; mgongo wa kiti ukanizuia. Nikazungusha kile kidude cha kuifanya nzito au nyepesi, kwa mkono wa kulia, bila kuinama. Nikamwambia wifi atikise. Haikutikisika. Mikanda ya pedali ilikuwa mirefu ya kutosha kushika mguu na kiatu chake, jambo ambalo wazima hawaliangalii kabisa. Nikakanyaga, na haikupiga kelele hata chembe, ndiyo maana baadaye niliweza kufanya mazoezi huku wenzangu wamelala. Kioo kisichowaka hakikunisumbua. Sikuwa nahitaji kuambiwa namba.

Muuzaji alishakula chakula chake cha mchana na kurudi. Nikamwambia, hii. Baba Tumaini akaigonga kwa kidole, akasema chuma chake si kibaya.

Tukaiweka barazani, na masika yote nikawa kioja cha mtaa. Waliopita waliniuliza, mama, unakwenda wapi? Nilijibu naenda Gonja. Wakirudi jioni wananikuta palepale, wananiuliza kama nimefika. Nilisema bado, kuna mlima. Wengine walikuwa wanasimama kabisa kunipa pole ya safari.

Isije ikaonekana ilikuwa sherehe. Mkanda ulinichuna kisigino mpaka wifi akashona kipande cha kitenge laini cha kuukingia. Mguu ulivimba jioni. Kuna wakati ganzi ilikuwa inageuka moto, ikipanda kutoka unyayo hadi nyonga, na nilimtukana kila aliyenisogelea, hata aliyeniletea maji. Kipupwe kilipoingia, baridi ikaukaza mguu ukawa kama mwanzo, nikaacha. Nilijifunika blanketi, nikageukia ukutani.

Baba Tumaini alishuka kutoka shambani akanikuta hivyo. Hakunibembeleza. Alikaa ukingoni mwa kitanda na gunia lake la maharage ambayo hayajapukuchuliwa, akasema, "Nimechoka, Nakundwa. Nimechoka kuwa kama mwenye wake wawili, wewe na mama, mmoja juu ananiuliza habari zako, mmoja chini ananiuliza habari za huyo wa juu."

Nililia, naye akalia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia isipokuwa msiba wa baba yake. Kisha akaniinua, akanipeleka barazani. Alikaa chini karibu na pedali, akaanza kupukuchua maharage yake na kunisimulia njia. Sasa uko kwenye mfereji. Sasa unavuka, jiwe lile linateleza. Hapa ni kwa mchungaji, mbwa wake yupo, usimtazame. Sasa kona ya mparachichi, hapa pumua. Nilikanyaga huku nimefumba macho. Kila alipoteremka Same tulifanya hivyo, na kwa mtindo huo nimepanda mlima ule mara nyingi kuliko miaka yote ya ndoa. Siku moja, tukiwa kwenye mparachichi, vidole vya mguu wa kushoto vikajikunja ndani ya soksi bila kuambiwa na pedali. Tuliita wifi aje aone. Tukaita na majirani.

Jua la kiangazi lilipokausha njia, yule binti wa mazoezi alinipandisha na kunishusha ngazi za kliniki. Mguu mzima kwanza, mgonjwa ufuate. Akasema sasa nijaribu, ila baiskeli niende nayo, nisije nikaiacha. Mzee wangu wa Kimasai alikuwa benchini. Alinipungia kwa mkono wake wa kulia, ule uliokuwa haupungi.

Hatukumwambia mama mkwe. Lilikuwa wazo langu. Nikishindwa njiani nirudi chini kimya kimya, asijue nilikuwa karibu kiasi gani. Tukaondoka alfajiri kwa gari la kukodi, tukapita Kisiwani na Maore, tukapanda mpaka kanisani, kisha pikipiki mpaka kwenye mfereji. Vijana wa kijiwe cha pikipiki walikubali kutubebea baiskeli. Ni vijana wageni, hawatujui kwa majina, tuliwaelekeza nyumba tu. Wifi, mtu wa usafi, alisema vumbi lile litaingia kwenye mnyororo, akatoa shuka lake jeupe alilolipiga pasi, akaifunika yote na kuipigia mafundo. Vijana wakaifunga juu ya miti miwili, wakaiweka mabegani, wakaondoka mbio mbio. Wakapotea kwenye kona. Sisi watatu, Wapare wa kuzaliwa, tuliosindikiza maiti kwenye njia ile miaka nenda rudi, tulisimama tukawatazama, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Nikaanza kupanda. Fimbo, mguu mzima, mguu mgonjwa. Baba Tumaini alikuwa nyuma yangu mkono umekaa tayari, haunigusi. Wifi alibeba kigoda, na kila kona alikitua nikae. Jasho lilinitoka hata kwenye masikio. Lakini nilikuwa napanda, na furaha yake sina namna ya kuieleza.

Tulikuwa tumepita mparachichi tuliposikia kilio. Kilianzia upande wa pili wa bonde, mwanamke mmoja, kisha wengine wakapokea. Kilio kile tunakijua wote. Kisha kikatoka juu, upande wa uani kwetu.

Nilikaa chini kwenye vumbi bila kungoja kigoda. Nilijua ni mama mkwe. Nimechelewa, nikasema moyoni, nimechelewa kwa kona mbili tu. Wifi alijishika kichwa. Ni mama yake yule. Baba Tumaini alisimama kama aliyepigwa na kitu.

Halafu nikaisikia sauti ya mama mkwe mwenyewe, ya kikohozi na ya kukwaruza, juu ya zote. Alikuwa hai, analia, na jina alilokuwa analililia lilikuwa langu.

Tulitazamana.

"Shuka," wifi alisema taratibu. "Mungu wangu, lile shuka."

Sijui nilinyanyukaje. Nilipanda sehemu ile iliyobaki huku Baba Tumaini ananiambia pole pole, nami simsikii, namsikiliza mama yake. Alikuwa anasema, mimi ndiye niliyekuwa nangoja kuzikwa na wewe, Nakundwa, sasa nitazikwa na nani?

Uani kulikuwa kumejaa. Wanawake mikono kichwani, wengine wameshaleta kuni. Wale vijana walikuwa wameutua mzigo katikati na kuvua kofia zao, maana waliona watu wanalia, wakadhani wamekuta msiba wa watu. Mama mkwe alikuwa amekaa chini, amelikumbatia lile shuka jeupe. Hakuna aliyenitazama.

"Mama, shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu ndani ya kilio, kwa mazoea, bila kugeuka. Kisha akanyamaza. Alinyoosha mkono upande wa sauti yangu, nikaenda nikaupokea. Alinipapasa uso, akaupapasa mdomo ambao sasa ulikuwa karibu umenyooka.

"Nani amekubeba?"

"Hakuna, mama. Nimepanda."

Hakuniamini kwa neno. Aliinama, akaushika mguu wa kushoto, akateremka nao kutoka gotini hadi kwenye kiatu, akakuta vumbi. Akalisugua kwa kidole gumba. Akamwuliza jirani mwenye macho mazuri kama ni kweli ni vumbi, naye akamjibu, ni vumbi, Bibi, limefika mpaka magotini.

Wifi, kwa kutahayari kwake, alishatoka jikoni na beseni la maji ya kunisafisha miguu. Mama mkwe akamzuia kwa mkono.

"Acha hayo maji," akamwambia. "Kwanza wapite wote waliokuja kulia, wauone."

Wakaniletea kiti. Watu wakajipanga mstari uani, kama tunavyojipanga kuaga, wakapita mmoja mmoja wakiinama na kuugusa mguu wangu mchafu.